Gemu za Windows kwenye MacBook Air ya M2: njia ipi inafaa?

MchoraRamani

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Mwezi uliopita niliuza laptopu yangu ya Windows nikanunua MacBook Air iliyotumika, yenye chipu ya M2, RAM ya GB 8 na hifadhi ya GB 256, kwa sababu kazi yangu ya kuchora ramani za nyumba ilihitaji kioo kizuri na betri inayodumu umeme unapokatika. Kwa upande wa kazi sina neno, imenitosha kabisa. Shida inaanza jioni. Tangu nikiwa kidato cha pili, mimi na mdogo wangu tuna desturi ya kucheza gemu tukishamaliza shughuli za siku, na sasa nikifungua Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, kwenye Mac naona sehemu kubwa ya gemu nilizozilipia kwa miaka yote hiyo ni za Windows tu, wala hakuna namna ya kuzisakinisha.

Tunazozitaka hasa ni nne: GTA V, GTA San Andreas ile ya zamani, The Witcher 3 na EA Sports FC 25. Katika kusoma nimekutana na Boot Camp, Parallels, CrossOver, Wine, Whisky na GeForce NOW, na kila mwandishi anaisifia njia yake kana kwamba nyingine hazipo. Fundi mmoja hapa mjini ameniambia kwamba ataniwekea Windows kamili kwa Boot Camp, ila anataka nusu ya malipo kwanza, nami nimesita.

Naomba mnieleze ni njia ipi inafaa kwa mashine kama yangu na kwa gemu hizo nne, na ni zipi nisihangaike nazo. Ninatumia bando la simu, kwa hiyo nikipakua GB 100 halafu gemu isifunguke, nitakuwa nimetupa fedha nyingi.

Baba_Nasra

Ndugu MchoraRamani, kwanza usimpe fundi huyo hata shilingi moja. Boot Camp ilikuwa njia nzuri sana tangu Apple walipoitoa mwaka 2006, lakini ni ya Mac zenye prosesa za Intel peke yake. Kuanzia Novemba 2020, ilipotoka M1, Apple walianza kuhamia kwenye chipu zao wenyewe, na kwenye chipu hizo Boot Camp haipo. Hakuna fundi anayeweza kuirudisha, awe hodari namna gani. Huenda naye hajui tu, lakini fedha yako ikishaondoka imeondoka.

Sasa nikueleze kinachotokea ndani, maana ukikielewa hutababaishwa na majina. Gemu ya Windows inapofika kwenye Mac yako inakuta vikwazo vitatu. Cha kwanza ni prosesa: gemu imeandikwa kwa maelekezo ya x86, yaani ya prosesa kama za Intel, na M2 inafuata maelekezo ya ARM. Cha pili ni mfumo endeshi: gemu inataka kufungua faili, kutoa sauti na kusoma kipanya kwa taratibu za Windows, ambazo macOS haizifahamu. Cha tatu ni picha: gemu inaagiza michoro kwa DirectX, ilhali Mac inachora kwa Metal. Kwa hiyo panahitajika wakalimani watatu. Rosetta 2 ya Apple inatafsiri maelekezo ya prosesa, Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, inapokea maombi ya Windows na kuyajibu kwa njia za macOS, na D3DMetal, ambayo Apple waliitoa mwaka 2023 pamoja na zana zao za kuhamishia gemu, inageuza DirectX 11 na 12 kuwa Metal. Humo ndani hamna Windows hata kidogo, na ndiyo maana njia hii haidai leseni ya Microsoft.

CrossOver ni wakalimani wawili wa mwisho, Wine na D3DMetal, waliofungwa kwenye programu moja yenye vitufe vya kubonyeza. Inalipiwa, lakini inakupa siku 14 za majaribio, na kwa mtu mwenye orodha ya gemu nne, siku 14 zinatosha kabisa kujua kama fedha yako itakuwa na kazi. Whisky ilikuwa ya bure na ilipendwa sana, lakini mwaka 2025 aliyeitengeneza alitangaza kwamba haendelei nayo, hivyo sikushauri uanze nayo leo. Ukitaka ya bure inayoendelezwa, itazame Heroic, hasa kama umenunua gemu kwenye maduka ya Epic au GOG, ila ujiandae kusoma na kurekebisha mambo mwenyewe.

Nije kwenye gemu zako. The Witcher 3 inacheza vizuri. Ninayo mwenyewe kwenye Air kama yako na nitakueleza nilivyoiweka. GTA V inacheza upande wa hadithi. Chagua toleo la Legacy, yaani lile la zamani, ambalo ni jepesi, na uzime BattlEye, programu yake ya kuzuia udanganyifu, kwenye mipangilio ya kizinduzi cha Rockstar. GTA Online usiitarajie, kwa sababu tangu Septemba 2024 inadai BattlEye, na BattlEye haifanyi kazi ndani ya Wine kwenye Mac. San Andreas ni gemu ya biti 32, na wengi hudhani kwamba imekufa kwa kuwa Apple waliondoa programu za biti 32 tangu macOS Catalina ya mwaka 2019. Kilichoondolewa ni programu za Mac za biti 32. Zile za Windows CrossOver bado inazifungua, kwa hiyo leo gemu kongwe ya Windows inaweza kufunguka kwenye Mac mahali ambapo gemu kongwe ya Mac yenyewe imekataa. Weka toleo la Windows, utaiona.

FC 25 iache. Ina programu ya EA ya kuzuia udanganyifu inayotaka kuingia kwenye kiini cha Windows na kuchungulia kila kinachoendelea, na kwa kuwa hapa hakuna Windows, hakuna pa kuingia. Siyo suala la nguvu za mashine. Hata ungekuwa na Mac ya bei kubwa kuliko zote, jibu ni lilelile. Valorant nayo iko hivyohivyo. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona vijana wengi wakinunua gemu ya mtandaoni kwanza na kuuliza baadaye.

Salma_Tanga

Naongeza kuhusu Parallels, kwa kuwa ninaitumia kila siku kwa programu ya hesabu za duka ambayo haina toleo la Mac. Tangu Februari 2023 Microsoft wameidhinisha Windows 11 ya ARM itumike ndani ya Parallels kwenye Mac za chipu za Apple, na kwa kazi za ofisi sijawahi kujuta. Inawasha kompyuta pepe, yaani Windows kamili inayokaa kwenye dirisha, na programu za x86 zinatafsiriwa na Windows yenyewe. Je, si rahisi kwa ndugu yetu kutumia hiyo, akapata Windows halisi na gemu zote humohumo?

Baba_Nasra

Dada Salma, kwa hesabu za duka umechagua sawasawa. Kwa gemu, tatizo ni RAM. Mac ya ndugu yetu ina GB 8, na kwenye chipu hizi RAM hiyohiyo ndiyo inayotumiwa na prosesa na grafiki kwa pamoja. Ukiwasha Windows nzima juu ya macOS, lazima uikatie angalau GB 4, halafu GTA V ije kugombania kilichobaki. Tena Parallels inaishia DirectX 11, kwa hiyo gemu zinazodai DirectX 12 hazifunguki. Na zile programu za kuzuia udanganyifu nyingi zinatambua kwamba ziko ndani ya kompyuta pepe na kukataa. Kwa San Andreas ingetosha, lakini kununua Parallels na leseni ya Windows kwa ajili ya gemu moja ya mwaka 2005 ni gharama isiyo na sababu. Mwenye Mac ya GB 16 au zaidi anayehitaji Windows kwa kazi, huyo akiwa nayo tayari ajaribu gemu zake humo kwanza.

Nilivyoiweka The Witcher 3 ni hivi. Ndani ya CrossOver unatengeneza kitu kinachoitwa chupa, ambayo ni folda inayojifanya diski C ya Windows, yenye mipangilio yake peke yake. Nilitengeneza chupa moja, nikasakinisha humo Steam ya Windows, siyo ile ya Mac, nikaingia kwa akaunti yangu, na gemu zote zikatokea zikiwa na kitufe cha kusakinisha. Kwenye mipangilio ya chupa nikachagua D3DMetal. Gemu yenyewe inakuuliza uifungue kwa DirectX 11 au 12, nami kwa GB 8 nachagua 11, kwa sababu ile 12 ilikuwa inajaza RAM hadi picha zinakwama. Nikashusha ukubwa wa picha hadi 1440 kwa 900 na ubora wa kati.

Dakika kumi za kwanza usizitumie kuhukumu. Kila kitu kipya kinapotokea kwenye kioo, iwe moto, mvua au farasi, kinatafsiriwa kwa mara ya kwanza, na picha inashtuka kidogo. Nilisimama pale kijiji cha mwanzo, nikazunguka mara mbili, nikaingia baa na kutoka, na kufikia mzunguko wa tatu ikawa laini, kati ya fremu 30 na 40 kwa sekunde. Baada ya nusu saa hivi, sehemu ya juu ya kibodi, karibu na kioo, inakuwa ya moto, kwa kuwa Air haina feni, na fremu zinashuka taratibu. Mimi huinua nyuma ya kompyuta kwa kitabu ili hewa ipite chini na kuizuia gemu isizidi fremu 30. Inakuwa tulivu, nayo inanipa saa mbili bila kushtuka.

Kaka_wa_Nyali

Naomba nisimamie kidogo upande wa Mac za Intel, maana watakuja kusoma hapa na wenye hizo. Nina MacBook Pro ya inchi 16 ya mwaka 2019 yenye kadi ya grafiki ya Radeon, na Boot Camp kwangu ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu Windows inaendesha mashine moja kwa moja bila mkalimani. Apple wanataka uwe na nafasi ya GB 64 angalau, lakini kwa gemu za leo GB 64 ni za kuiweka Windows na gemu moja ndogo. Tenga GB 200 kama unazo, na ufikirie vizuri kabla ya kugawa, kwani kuongeza sehemu hiyo baadaye ni kazi ya kufuta na kuanza upya.

Hata gemu zenye ulinzi dhidi ya udanganyifu nyingi zinakubali, kwa kuwa ni Windows halisi kwenye mashine halisi. Angalizo langu ni kwamba Boot Camp inasaidia Windows 10, na Microsoft walimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, huku Windows 11 ikidai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo Mac hizi haziiletei Windows. Gemu mpya zinazodai masharti ya Windows 11 zitakuwa zinawafungia mlango moja baada ya nyingine.

MchoraRamani

Ahsanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyoelewa kwa wiki mbili za kusoma. Baba Nasra, fundi nimemwambia hapana kwa heshima. Nina maswali mawili. GTA V peke yake inazidi GB 100 na diski yangu imebaki na GB 70. Je, naweza kuiweka kwenye SSD ya nje? Na mdogo wangu hakubali kuikosa FC 25. Je, GeForce NOW haiwezi kutusaidia?

Mtaalamu_Pole

Ndugu, swali la diski nalijua kwa machungu. Nilinunua SSD ya TB 1, ikaja ikiwa na fomati ya exFAT, nikaiacha hivyo ili niweze kuichomeka na kwenye Windows ya ofisini. Nikahamishia chupa nzima humo. Chupa ikagoma kufunguka, nikadhani gemu ndiyo mbovu, nikaifuta na kuipakua upya usiku mzima, na asubuhi ikagoma tena. Kumbe Wine inatumia viungo vya ishara, yaani vile vijifaili vinavyoelekeza kwenye folda nyingine, na exFAT haivihifadhi. Bando la mwezi mzima lilikwenda katika usiku ule mmoja. Kwa hiyo kabla hujaweka chochote, fungua programu ya Disk Utility na uifomati SSD kwa APFS, ukijua kwamba itafuta kila kilichomo. Baada ya hapo gemu inakaa juu yake bila tatizo, mradi usitumie diski ya kuzunguka ya zamani, ambayo itakufanya usubiri barabara za Los Santos, jiji la GTA V, zitokee ukiwa tayari umezipita.

Kuhusu bando, huna haja ya kupakua GB 100 kama kuna rafiki mwenye gemu hiyohiyo ya Steam kwenye Windows, na wewe unayo kihalali kwenye akaunti yako. Nenda kwake na diski. Kwenye folda ya Steam ingia steamapps, kisha common, unakili folda nzima ya GTA V. Kama diski ya kubebea ni ya NTFS, fomati ya Windows, haina neno, kwa kuwa Mac inaisoma, haiwezi tu kuiandikia. Ukifika nyumbani, iweke folda hiyo mahali palepale ndani ya Steam ya kwenye chupa, au kwenye maktaba ya Steam uliyoifungua juu ya SSD, kisha ubonyeze kitufe cha kusakinisha. Steam itazikuta faili, itazikagua moja moja, na itapakua kile tu kilichopungua. Nimefanya hivyo kwa gemu tatu, na ile iliyodai zaidi ilidai GB 2.

GeForce NOW ina programu ya Mac na ni nzuri kwa walio karibu na seva zake, kwani gemu inachezwa huko na wewe unaletewa picha. Sisi tunaotegemea seva za Ulaya tunapata ucheleweshaji unaozidi milisekunde 100, na hiyo ni kwa faiba, siyo kwa bando. The Witcher 3 ya peke yako unaweza kuivumilia. Mpira hauchezeki: unabonyeza kupiga, na beki ameshauondoa. Tena picha inayotiririka hivyo inamaliza GB kadhaa kila saa, kwa hiyo mwenye bando aiache.

Kwa FC 25 nina pendekezo jingine. Je, hapo nyumbani au kwa jirani hakuna PlayStation 4? Ile FC ya PlayStation inaweza kuonekana kwenye Mac kwa programu ya PS Remote Play, na mkiwa kwenye Wi-Fi moja hakuna bando linalotumika kupeleka picha kutoka chumba hadi chumba. Sony wanapendekeza kasi ya Mbps 15, ambayo ruta ya kawaida ya nyumbani inaifikia. Vilevile mwenye kompyuta ya Windows chumbani aweke programu ya Sunshine kwenye Windows, ya kutuma picha, na Moonlight kwenye Mac, ya kuipokea. Hapo hata ulinzi dhidi ya udanganyifu hautasumbua, kwa kuwa gemu inachezwa kwenye Windows na Mac inakuwa kioo tu. Tumia ruta ya GHz 5, na ukiweza uchomeke waya kwenye kompyuta ile.

Baba_Nasra

Mtaalamu Pole amenena vizuri. Niongeze la kununua na la baadaye. Steam inarudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue na kama hujaicheza kwa zaidi ya saa 2. Kwa hiyo gemu mpya usiyokuwa na uhakika nayo inunue siku yenye nafasi, uifungue siku hiyohiyo, na ikigoma uirudishe usiku huo. Usiiache ikiwa wazi huku unahangaika na mipangilio, kwa sababu muda huo nao unahesabiwa. Na kabla ya kununua, tazama kama kuna toleo la Mac lenyewe: Baldur's Gate 3 lipo tangu 2023, na Cyberpunk 2077 limefika Julai 2025, ingawa hilo la pili linadai RAM ya GB 16 na halitakufaa kwa mashine yako.

La baadaye ni Rosetta. Mwaka 2025 Apple walitangaza kwamba Rosetta 2 kamili itaishia macOS 27, na kwamba baada ya hapo watabakiza sehemu yake kwa ajili ya baadhi ya gemu za zamani. Njia yote niliyoieleza inapita juu ya Rosetta. Sisemi uache, lakini ukiona toleo jipya la macOS limetoka, usiwe wa kwanza kulisakinisha. Subiri CrossOver watoe toleo linalolingana nalo.

MchoraRamani

Nimerudi baada ya siku tisa kuwapa taarifa. San Andreas ilifunguka jioni ya kwanza. Pedi ilikataa kutambuliwa hadi nilipoifunga Steam ya Mac iliyokuwa wazi nyuma, na baada ya hapo ikawa sawa. Faili za GTA V nilizinakili kwa rafiki yangu, saa moja na nusu kwa diski yake ya zamani, na Steam ilipozikagua ilidai GB 1.4 tu. Hadithi inacheza kwa ukubwa wa 1280 kwa 800. Mchana katikati ya jiji inashuka hadi fremu 28 au 29, na ukitoka nje ya mji inapanda. The Witcher 3 nimeiweka kwa DirectX 11 kama Baba Nasra alivyosema, na kitabu kiko chini ya kompyuta.

CrossOver nitailipia kabla ya siku 14 kwisha, kwa kadi ya mtandaoni ya pesa za simu, ambayo nimeshaijaribu na imekubaliwa. FC 25 tumeiacha kwenye Mac. Binamu yetu ana PlayStation 4 ambayo haitumii siku za shule, na ameahidi kutuletea Jumamosi pamoja na pedi mbili.